Vinyama vya Lynnet

Risper alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kisiwani Remba pale bintiye wa miaka tisa, Lynnet, alipomwonyesha kijinyama ndani ya mdomo wa chini. Alidhani amejiuma. Mwezi haukuisha, vinyama vikawa vimetapakaa midomoni na ulimini, vyeupe, vyenye vichwa kama koliflawa. Zahanatini walimpa dawa ya utando wa kinywani. Haikusaidia kitu.

Wakavuka kwenda Homa Bay. Daktari wa meno, kijana mpole aitwaye Elkana, akakata kimoja kipelekwe maabara. Majibu yalipotoka alimwita Risper kando.

"Ni sunzua, mama. Zinaletwa na virusi. Si saratani."

"Ni vile virusi alivyozaliwa navyo?"

"Hapana, si vya Ukimwi, hivi ni vingine. Ila huwaandama sana watoto wenye hali yake."

"Lakini dawa anameza kila jioni, na mimi namsimamia. Juzi tu kliniki walisema damu iko sawa."

"Iko sawa kabisa. Hujakosea popote. Hutokea tu, na hata sisi hatujui kwa nini."

Risper angeona nafuu kuambiwa amekosea. Kosa angelirekebisha.

Elkana akampiga mtoto ganzi, akavikata vile vinyama na kuvichoma. Lynnet akashinda kwa uji wa baridi, machozi yakimtoka kila akimeza. Vikarudi. Akakatwa tena. Vikarudi vingi zaidi, sasa hadi pembeni mwa midomo, mahali pa kuonekana na kila mtu.

Remba nyumba zimebanana, mabati kwa mabati, lakini miaka yote hiyo Risper alikuwa ameificha hali ya mwanawe. Sasa wanawake wa ufukweni walimtazama Lynnet mdomoni kabla ya kujibu salamu yake. Shuleni mwenzake wa dawati akahamishwa. Lynnet, aliyekuwa akianzisha nyimbo za watoto kanisani, akawa anaongea kiganja kikiwa mdomoni, kisha akaacha kuongea.

Waliporudi mara ya tatu, Elkana hakugusa vifaa vyake.

"Nikikata tena nitamwachia makovu tu. Tungoje. Huenda zikaisha zenyewe."

"Lini?"

"Labda miaka. Labda zisiishe."

Risper akampeleka Lynnet kwa dada yake Filister, huko Uriri, ambako hakuna aliyemjua. Baada ya wiki akapiga simu.

"Anakula?"

"Anakula," Filister akasema. "Nimemtengea sahani yake, anakulia kule jikoni. Unajua nina watoto hapa."

Risper hakuweza kumlaumu. Akaomba ampe Lynnet simu.

"Nyathina, mwanangu, uko sawa?"

 Lynnet akanong'ona.

"Mama, nirudi nyumbani?"

Nje, wanawake walikuwa wakigeuza omena na kucheka. Risper alisikiliza kicheko chao, akijaribu kujua kinamhusu nani.

"Kaa huko kwanza," akasema.