Nukta za Kijani

Mstari mwekundu ulipita juu ya jina. Chini ya jina hilohilo palikuwa na nukta nane za kijani, zimepangwa sawasawa kama vifungo vya shati. Nilikuwa nimeinamia karatasi ile katika chumba cha nyaraka, na mtunzaji alinisubiri nimalize ili akale chakula chake cha mchana. Nilimwomba kiti.

Kwa miezi minne tulikuwa na nakala tu, na kwenye nakala kila kitu ni cheusi. Ungedhani mtu mmoja alikata jina, kisha akabadili mawazo.

Mwaka ule wa 1966 nilikuwa mwendesha mashtaka mdogo kuliko wote katika mahakama ya mji wetu, na mwanamke pekee. Mshtakiwa, Daktari Egon Stallmach, alikuwa mkuu wa ofisi ya polisi iliyowapakia Wayahudi wa mji kwenye treni ya Riga, walikopelekwa kuuawa, Desemba 1941. Treni hakuikana. Alisema tu kwamba orodha ya majina ilikuwa kazi ya naibu wake, Nettelbeck, na kwamba yeye hakuiona kamwe. Nettelbeck alifia vitani, hakuwepo wa kumbishia. Tusipothibitisha kwamba Stallmach aliishika orodha ile kwa mkono wake, angerudi nyumbani kupogoa mawaridi yake.

Kilichomponza ni majivuno. Wiki ya pili ya kesi wakili wake alidokeza kwamba wakati wa vita ofisi ile ilikuwa na vurugu, karatasi zikipotea huku na huku. Mzee akasimama bila kuulizwa.

"Vurugu? Ofisini kwangu? Mheshimiwa, kwangu hata penseli zilikuwa na utaratibu! Kijani ya mkuu, nyekundu ya naibu. Mtu mwingine akigusa kijani, namfukuza siku hiyohiyo."

Makarani wa mahakama walitikisa vichwa kukubali, maana hata kwetu mambo yalikuwa hivyohivyo. Mkubwa wangu, Rautenberg, aliniinamia sikioni.

"Overbeck, kesho panda treni, kaitazame karatasi yenyewe. Na usije ukaniletea mafua tu."

Ndivyo nilivyofika kwenye kile kiti. Kila aliyefanya kazi katika ofisi zetu anajua kwamba neno lililokatwa likiwekewa nukta chini, maana yake ni moja: libaki. Naibu alikuwa amelikata jina. Mkuu akalirudisha. Jina lenyewe lilikuwa Rosalie Löwenthal, mshonaji, miaka hamsini na mitatu.

Binti yake, Recha, alikuwa ametoka Haifa kuja kutoa ushahidi. Mwaka 1941 alikuwa na miaka kumi na tisa, anafanyishwa kazi kiwanda cha betri, na wafanyakazi wa kiwanda hawakuwekwa kwenye treni ile. Alirudi jioni akakuta mlango umepigwa muhuri. Sasa alikaa benchi la mbele kila siku, mkoba magotini, na mimi niliogopa kumtazama. Karatasi ambayo ingemfunga yule mzee ndiyo ingemwambia Recha kwamba mama yake aliwahi kuokoka, pengine kwa saa chache, bila mwenyewe kujua.

Nilimfuata kantini kabla ya kikao.

"Bibi Löwenthal, leo nitasoma jambo linalomhusu mama yako. Ukipenda, unaweza kusubiri nje."

"Bibi mwendesha mashtaka, nimetoka Haifa kuja kusikia. Sikuja kula keki."

Nikasoma. Hakimu aliwaita wote mezani. Stallmach alivaa miwani, akaitazama karatasi kwa muda mrefu, na wakili wake alipomshika kiwiko akautoa mkono ule.

"Nukta hizi ni za nani?" hakimu akauliza.

"Zimewekwa vizuri," alisema mzee. "Ni zangu."

Alihukumiwa miaka sita kwa kusaidia mauaji. Rautenberg alinipa mkono mbele ya watu, jambo asilolifanya kabla wala baada. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Recha Löwenthal alinikuta kwenye korido.

"Huyo Nettelbeck," alisema, "alikata wangapi?"

"Mmoja."

"Kati ya?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Kwa nini yeye?"

"Sijui. Hakuna karatasi inayosema."

Alikuwa anafunga koti lake, na kifungo kimoja kilimsumbua.

"Mama angeona aibu," alisema mwishowe. "Mtaa mzima umekwenda, yeye kaachwa. Asingeweza kulala."

Nilisema huenda ni kweli.

"Mimi nisingeona aibu kubaki naye," alisema. "Hata kidogo."

Kisha akaniuliza tramu ya stesheni inasimama wapi.