Mwitikiaji wa Wimbo wa Sanduku

Kuna watu wakikutazama unajihisi umekaguliwa mpaka meno. Mama Sura alikuwa mmoja wao, na jicho hilo ndilo lililomlisha. Watengenezaji wa filamu walipotaka mtu wa kuigiza askari, mjane au mwizi wa kuku, walimwendea yeye, naye akawatafutia. Hata maadui zake walikiri kwamba hakosei. Na maadui hawakuwa wachache, maana kwa kila mmoja aliyempa nafasi walikuwepo wengi aliowarudisha makwao na nauli ya kujilipia.

Safari hii alikuwa amepewa kazi aliyoiota tangu utotoni. Ile filamu ya zamani, Mke wa Fundi Saa, ilikuwa inatengenezwa upya. Ambaye hakuiona hakukosa kuisikia, kwa kuwa nyimbo zake watu waliziimba wakifua, wakipiga pasi, wakipanga foleni benki. Hadithi yenyewe nyepesi tu. Mke wa fundi saa amechoshwa na mume asiyesema, anafungasha nguo arudi kwao. Anaimba huku akifungasha, mume anamwitikia, na wimbo unapoisha sanduku ni tupu, nguo zote zimerudi kabatini. Lakini mwigizaji wa kike wa enzi zile aliuimba huo wimbo wa sanduku hivi kwamba Mama Sura, wakati huo msichana wa shule mwenye magoti yenye vumbi, alitoka ukumbini ameapa kuishi karibu na filamu, hata kama ni kwa kufagia chini ya viti.

Sasa alitakiwa kumpata mke mpya, na hapo ndipo penye mzozo. Mtayarishaji wa filamu, bwana mwenye simu mbili na haraka tatu, alikuwa na mtu wake mfukoni. Alikuwa mtangazaji wa televisheni, msichana ambaye picha yake ilibandikwa kila ukuta, akitangaza dawa ya meno huku na saruji kule. Msichana mzuri, mwenye adabu zake, ila akiimba unatamani kumletea maji. Mtayarishaji alisema wazi: Mama Sura atafute mpaka Ijumaa, asipopata mke wa fundi saa wa kueleweka, nafasi ni ya mtangazaji. Mama Sura hakuwa na kinyongo na yule binti. Aliwaza tu wimbo ule utakavyochinjwa hadharani, na usingizi ukampaa.

Usaili ulifanyika ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, katika ukumbi wenye kinanda kimoja na feni moja inayolalamika. Asubuhi ya kwanza, kijana aliyeajiriwa kuitikia sehemu ya mume aliamka sauti imekauka kabisa. Hiyo ni kazi isiyo na sifa. Unakaa kando ya kamera, unamwitikia kila anayekuja kujaribu, huonekani, na jioni hakuna anayekumbuka kwamba ulikuwepo. Mama Sura akapiga simu nyumbani.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, kwa kuwa gari lake lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, chini ya mguu wake, na sifa yake mjini kote ilikuwa kwamba karibu haikanyagi. Mwanafunzi atapanda ukingo, atasalimiana na nguzo ya taa, yeye atasema tu, "Haya, turudi taratibu." Wiki hiyo gari lilikuwa gereji, limefunguliwa giaboksi. Mkewe alimwomba aje amwokoe, akampa na sharti: asiigize, asinogeshe, aitikie tu. Akaja na shati lake la kazini, akaketi pale alipoonyeshwa.

Basi wakaja wanawake, wakaimba. Wengine walikuwa kawaida, ila watatu, jamani, walikuwa moto. Mwanafunzi wa sheria alikuwa mmoja, muuza vitambaa wa pili. Wa tatu alikuwa muuguzi aliyetoka zamu moja kwa moja, miguu imevimba. Ubeti wa kwanza aliuanza kwa kuchelewa. Lakini alipofika penye maneno yale,

*Nakwenda zangu, nakwenda,*
*sanduku limeshajaa,*

na sauti ya kando ya kamera ikamjibu,

*Nenda, mama, sikuzui,*
*lete nguo nizikunje,*

yule mwanamke alipandisha bega kama mke aliyeudhika kikwelikweli, akaimba hadi mpiga kinanda, mzee aliyekwisha kusikia kila kitu duniani, akasahau kufungua ukurasa. Mama Sura alihisi machozi yanamlenga. Jioni, njiani kurudi nyumbani, alimsifu muuguzi mtaa mzima, na mumewe alimsikiliza mtaa mzima.

Jumatano watatu hao waliitwa tena, safari hii waimbe na mwanamume aliyekusudiwa kuwa fundi saa, mwimbaji mashuhuri ambaye mashabiki walimwita Radi. Alikuwa bado hajatia saini, lakini kila mtu alihesabu nafasi ni yake. Na haki yake apewe: sauti ilikuwa sauti. Alipofungua kinywa, vioo vya madirisha viliitika. Alikuja kwa wakati, akasalimia kila mtu kwa heshima, akaimba jibu la mume kama mtu anayewania kombe.

Wale wanawake waliyeyuka. Mwanafunzi wa sheria alijaribu kupiga kelele zaidi yake, akaishia kukohoa. Muuza vitambaa alisahau maneno. Muuguzi, ambaye Mama Sura alikuwa amemwapia mtayarishaji kwamba ni lulu, aliimba kwa woga kana kwamba anajitetea kwa askari wa barabarani, na kabla ya ubeti wa mwisho akaomba radhi akakaa. Mtayarishaji alitazama simu ya kwanza, akatazama ya pili, kisha akauliza kwa upole unaoumiza kuliko matusi, "Hawa ndio uliowasifu?"

Kwa mara ya kwanza Mama Sura alilitilia shaka jicho lake mwenyewe, na hilo kwake lilikuwa sawa na seremala kuanza kuogopa msumeno.

Asubuhi ya Alhamisi mumewe alienda gereji kulichukua gari. Mama Sura aliweka kompyuta juu ya meza ya jikoni, katikati ya vikombe vya chai, akazitazama upya picha zilizorekodiwa siku ile ya kwanza. Alitaka kujua alidanganyika wapi. Alimtazama mwanafunzi wa sheria, mzuri. Muuza vitambaa, mzuri vilevile. Akamtazama muuguzi akichelewa kuanza, na hapo akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza kwa makini kile ambacho hakuwahi kukisikiliza.

Muuguzi alipochelewa, sauti ya kando haikumngoja kwa kukaa kimya. Iliurudia mstari wake wa mwisho, polepole, kama vile wimbo ndivyo ulivyotungwa, mpaka mwanamke akapata pa kukanyaga. Alipokaza sauti, nayo ikashuka kumpisha. Alipokaribia kukata tamaa kwenye noti ya juu, ile sauti ilikuwa pale chini yake, haijitangazi, imemshika kiwiko. Mama Sura akarudi kwa muuza vitambaa, kisha kwa mwanafunzi wa sheria. Ni vilevile. Na macho ya wote watatu, kila walipoanza kung'ara, yalikuwa yameelekea sehemu moja, ukingoni mwa picha, ambako palionekana bega tu la shati la kazini.

Alijiegemeza kwenye kiti, chai ikapoa. Miaka yote hiyo alikuwa akizunguka mabaa, makanisa, shule na stendi akitafuta watu wenye kipaji, na mtu huyu alikuwa anakunja shuka naye kila Jumapili. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Huyu wake hakuwahi hata kutandika mkeka sokoni. Alimwonea fahari, na papo hapo akajionea aibu, na hakujua hisia ipi ilitangulia.

Kisha ikaja hofu. Mama Sura hakuwahi kumpa ndugu yake hata nafasi ya kupita nyuma ya waigizaji akibeba kikapu. Hata dada yake wa kuzaliwa alipojaribu, Mama Sura alimkataa mbele za watu, wakanuniana muda mrefu. Jina lake lilikuwa limejengwa juu ya jambo hilo moja, kwamba hapendelei. Leo aende kusema fundi saa ni mume wangu? Mji mzima ungecheka, na mlango wa mtayarishaji aliyefuata ungekuwa umefungwa. Lakini akinyamaza, muuguzi angerudi wodini akiamini hana sauti, na wimbo ungekwenda kwa tangazo la saruji. Alilizungusha jambo hilo mchana kutwa. Jioni akapiga moyo konde, akamwambia mumewe kesho ampe nusu saa tu, asiulize ya nini. Hakuuliza.

Ijumaa mtayarishaji alikuwa ameshakuja na mkataba wa mtangazaji. Mama Sura alimweleza yote bila kuzunguka. Alisema wanawake hawakuwa na kasoro, mwanamume ndiye hakufaa. Radi apewe nafasi ya kaka wa mke, yule anayekuja kumchukua dada yake kwa fujo, ambaye ana wimbo wa kupasua dari na anataka sauti kama yake. Fundi saa amempata.

"Nani?" mtayarishaji akauliza.

"Mume wangu."

Mtayarishaji alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamtazama Mwalimu Breki pale mlangoni, funguo za gari mkononi, akasema haya, aimbe, lakini aimbe na nani? Muuguzi alikuwa zamu, wale wengine hawakuwepo. Tena yeye mtayarishaji ana mkutano mwingine.

"Ataimba na mimi," Mama Sura akasema. "Ila kwanza nisikilize nikiwa peke yangu."

Mpiga kinanda akamtazama kama anayeuliza kama ana homa. Akaanza. Mama Sura akaimba, na hapa hatutaficha kitu: aliimba vibaya. Alianzia juu kuliko kinanda, akakimbia mbele, noti ya kati akaikosa kwa umbali wa kutosha kuegesha lori. Mtayarishaji alikuna shingo. Mama Sura mwenyewe masikio yalimwaka moto, maana kwa maisha yake yote alikuwa amewahukumu watu wakiwa wamesimama palepale, na hakujua kwamba sakafu ya pale huwa inacheza hivyo.

Akamwita mumewe asimame upande wa pili wa kinanda. Wakaanza tena.

Mstari wa kwanza ulikuwa mbovu kama awali. Kisha akaitikiwa. *Nenda, mama, sikuzui.* Aliisikia sauti ile kwa karibu, isiyo kubwa, isiyo nzuri hata ya kusimulia, na jambo la kwanza alilolihisi ni kwamba hakuna haraka. Akapumua. Mstari wa pili ukakaa karibu na mahali pake. Alipotaka kukimbia, mumewe alilivuta neno moja kidogo, naye akajikuta amepunguza mwendo bila kuambiwa. Alipofika kwenye noti ya juu aliyoiogopa, alimtazama, akaona uso wa mtu asiye na shaka hata kidogo kwamba atafika, basi akafika. Haikuwa sauti ya mwimbaji. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka, anayetaka kuondoka, anayetaka zaidi kuzuiwa. *Lete nguo nizikunje*, mumewe akamwambia, na Mama Sura kweli hakuweza kuendelea.

Feni ikaendelea kulalamika peke yake. Mzee wa kinanda alitoa kitambaa akapangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Sikujua kama unaweza kuimba," mtayarishaji akasema.

"Siwezi. Umenisikia mara ya kwanza."

Mtayarishaji alimtazama Mwalimu Breki, safari hii kwa makini, kama mtu anayetafuta mahali hirizi ilipofichwa. Simu yake moja ikalia, akaizima bila kuitazama. Kisha akaukunja ule mkataba mara mbili, akautia mfukoni, akasema muuguzi aitwe Jumatatu.

Mama Sura alimkuta mumewe ameshatoka nje kwenye ngazi. Alikuwa anataka kuondoka, ana mwanafunzi anayemsubiri. Waliopata nafasi Mama Sura huwaambia kwa neno moja, umepata, na hulisema kila mara bila kupepesa. Leo alishuka kwanza ngazi mbili, akasimama mbele ya mumewe.

"Umepata," akasema mwishowe. "Si kwa kuwa ni wangu. Ungekuwa wa mwingine ningekutafuta mpaka nikupate. Nisamehe nimekaa na wewe miaka yote hii sikusikia."

Mumewe alizigeuza funguo mkononi. Akasema yeye si mwigizaji, na uso wake si wa kuwekwa ukutani. Akasema wanafunzi wake je, nani atakaa nao. Mkewe akamwacha aseme yote. Chini yao muuza rangi alikuwa akigongagonga kifuniko cha kopo.

"Yule muuguzi," mumewe akauliza hatimaye, "bado anaogopa?"

"Anaogopa sana. Hajui kama atarudi."

"Basi mwambie arudi," Mwalimu Breki akasema. "Mwambie na mimi nitakuwepo."