Mfuko wa Wombati

Mimi sipendi kukosolewa, na wanaonijua wanalijua hilo. Nina medali mbili za vitabu vya watoto, zimening'inia jikoni juu ya friji, na mtu akinikosoa huwa nazitazama tu, simjibu.

Kwa hiyo Tegan aliponiletea hadithi yake ya kwanza nimchoree picha, kisa cha mama wombati, mnyama mnene wa huku Australia anayebeba mtoto mfukoni kama kangaruu, anayechimba chini kwa chini kumwokoa mwanawe na moto wa msituni, nilicheka nilipofika ukurasa wa kumi na moja. Eti mtoto alitoa kichwa mfukoni, katikati ya miguu ya nyuma ya mama yake, akautazama moto waliouacha.

"Tegan, mwanangu, mtoto achungulie matakoni? Kangaruu wote hawa, mifuko mbele, hawajakufundisha kitu?"

Akaona haya. "Basi chora unavyoona, Merle."

Akabadilisha maneno yake. Nikachora picha tisa, katoto kanachungulia kifuani, kazuri hata mimi mwenyewe nikakapenda.

Mashine za kuchapa zilikuwa ziwashwe Alhamisi saa sita mchana. Kitabu kilitakiwa kwa waamuzi Ijumaa, kushindania tuzo ya waandishi wapya, na tuzo hiyo mtu huigombea mara moja tu, kwa kitabu chake cha kwanza. Saa tano nilikuwa njiani kwenda kiwandani nilipomwona wombati amelala kando ya lami, amegongwa na gari.

Huku kisiwani Tasmania hupiti hivi hivi. Unashuka, unakagua mfuko, maana mama akifa mtoto huweza kubaki mzima. Mimi nilihamia kutoka jiji la Melbourne, na siku zote alikuwapo mwingine wa kushuka. Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Nikapiga magoti, nikapapasa kifua, nikapapasa tumbo. Hakuna mfuko. Nikasema huyu dume, nikainuka.

Hapo kitu kikatikisika kati ya miguu ya nyuma. Kilikuwa kiguu cha waridi, kidogo kama kidole changu cha mwisho.

Lo! Moyo ulinilipuka. Nikaingiza mkono, na mdomo wa mfuko ulikuwa pale pale alipoandika Tegan. Bila shaka! Mnyama anayechimba kila siku, mfuko ukifunguka mbele si atamzika mwanawe kwa udongo? Nikamtoa polepole, ana manyoya mafupi, anatetemeka, nikamtia ndani ya sweta.

"Bibi mjinga wewe!" nilijifokea. "Mjinga na kiburi chako!"

Nikataka kupiga kiwandani, simu haikushika mtandao. Nilikanyaga mafuta, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umemshika mtoto. Nilikuwa nikiwaza mtoto fulani atakayekipenda kitabu changu, akue nacho, halafu siku moja ashuke garini mahali kama pale. Atakagua kifuani kama nilivyomfundisha, asikute kitu, aondoke zake.

Nilifika saa sita na dakika tano. Mashine zilikuwa zinanguruma, na Tegan, amevaa gauni lake zuri, ameshika karatasi ya kwanza yenye jina lake.

"Zima, Russ!" nilimpigia kelele msimamizi.

"Merle, nikizima sasa, Ijumaa hamna kitabu."

"Najua!"

Tegan akanigeukia, uso umemshuka. Nikafungua sweta.

"Nimemtoa kwa nyuma," nikasema. "Nilikagua mbele, nikataka kuondoka. Ningemwacha afe, Tegan."

Alimchukua, akamviringisha kwa skafu yake, akamkumbatia kwa mikono iliyozoea.

"Nilijua," akasema. "Nyumbani tumelea wombati wanane."

"Sasa mbona hukunibishia, jamani?"

"Ningekubishia mimi nani? Mwenye medali ni wewe."

Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka. Nilitamani anitukane.

"Kitabu chako, tuzo yako," nikamwambia. "Sema wewe."

Russ alikuwa ameweka kidole kwenye kitufe, anatutazama kwa zamu. Tegan aliitazama ile karatasi, akalitazama jina lake. Mtoto akakohoa ndani ya skafu.

"Russ," akasema, machozi yanamtiririka. "Zima."

Kelele zikafifia, zikaisha. Nikavuta kiti, nikaigeuza karatasi upande mweupe, nikatoa penseli.

"Niambie tena ile sentensi yako, kabla hujaibadilisha," nikamwambia. "Polepole, maana mara ile sikukusikiliza."