Ukuta wa Pinki

"Bado sisikii uchungu," mwongozaji wa filamu alisema, macho kwenye skrini. "Binti anahama kwao, mama yake kakaa kitandani, na mimi nakaribia kupiga miayo. Rudia, Mama Rangi."

Kurudia tena! Mama Rangi alikuwa amerudia mpaka macho yanamwasha. Ndiye aliyepaka rangi katuni yote ile, na utaratibu wao ulieleweka: binti akiwa mdogo, rangi ziwake, akikua, zipoe kidogo kidogo. Onyesho hili la mwisho lilitakiwa kupoa kabisa. Na lilitakiwa leo, siku ambayo bintiye mwenyewe alikuwa anahama nyumbani.

Simu ikatetemeka mezani.

"Mama, gari la mizigo limefika. Dereva ananuna."

"Mbembeleze, mwanangu. Usiondoke kabla sijaja, tafadhali."

Akapaka haraka haraka, mkono uko kazini, moyo uko nyumbani. Alipomaliza, akachukua mkoba, akatupia skrini jicho la mwisho. Mungu wangu! Binti aliyesimama mlangoni alikuwa na rangi zilizopoa, sawa. Lakini mama kitandani, pamoja na chumba kizima, alikuwa na zile za mwanzo, za utotoni, zinawaka.

"Jamani, nimechanganya! Ngoja nirekebishe."

"Usiguse!" Mwongozaji alitazama mara ya pili, akafuta pua kwa mkono wa shati bila aibu. "Mtoto amekua, mama bado yuko kulekule. Umewazaje hili?"

"Sijawaza kitu, bosi. Nimechoka tu. Niache niende."

Alikwenda mbio, lakini gari lilikuwa limeshaondoka. Roho ilimuuma. Chumbani kwa bintiye kilibaki kitanda kitupu, na ukutani palikosekana ule mchoro wa utotoni wa paka mwenye miguu sita. Pale ulipobandikwa, ukuta ulikuwa pinki iliyokolea, vilevile kama siku alipoupaka wakati mtoto anatambaa. Kwingine kote ulikuwa umepauka, na yeye, fundi mzima wa rangi, hakuwahi kuona.

Simu ikaita.

"Mama, nisamehe, dereva aligoma kabisa. Halafu nimemchukua paka wangu. Umekasirika?"

"Wala," alisema. Kiganja chake kilikuwa juu ya ile pinki. "Umekula?"