Mngurumo Nyuma ya Sauti ya Nereida

Dakika tisa na sekunde kumi na mbili. Hiyo ndiyo sauti yote ya Nereida iliyobaki duniani, na mumewe, Evelio, hajawahi kusikia maneno yake ya mwisho.

Nereida alikuwa msomaji katika kiwanda cha sigara pale Holguín, Kuba. Wenzake wakisokota majani, yeye alikaa jukwaani na kipaza sauti, akiwasomea gazeti asubuhi na riwaya mchana. Siku yake ya mwisho kazini, mapafu yakiwa yameshachoka, mwenzake mmoja alichomeka kinasa sauti kwenye waya wa kipaza sauti. Siku ya mazishi akamtia Evelio mkononi flashi yenye rekodi hiyo.

"Mwishoni anakutaja," alimwambia. "Sikusikia anasema nini. Tulikuwa tunagonga visu vya tumbaku mezani kumshangilia."

Ni kweli anamtaja. Anafunga kitabu, anavuta pumzi, anasema, "Evelio..." Halafu sauti inashuka, na mngurumo wa umeme unaimeza.

Kwa miaka mitatu Evelio aliishi kwa ajili ya hayo maneno. Shule aliiacha darasa la sita, lakini mikono yake ilijua waya tangu enzi za televisheni za Kirusi. Aliamini mngurumo unatoka kwenye vyombo vibovu vya kuchezea rekodi, akajenga mwenyewe mashine ya kugeuza namba za rekodi kuwa sauti. Chipu aliichomoa kwenye deki mbovu. Chipu ile ilitoa sauti dhaifu, tena imepanda juu ya volti mbili na nusu ambazo spika haizitaki. Kwa hiyo akaweka kapasita izuie volti na kupitisha sauti, kisha kikuza sauti kidogo cha kuisukuma mbele. Kapasita ya kwanza ilikuwa imekauka, Nereida akatoka na sauti ya nzi ndani ya chupa. Kapasita nzuri haikupatikana mkoa mzima. Wakubwa walikuwa na viyoyozi hadi chooni, lakini kapasita, hakuna.

Alipoipata hatimaye, mngurumo nao akauwinda kama mwizi. Akafumua nyaya zote za ardhi, zile za kumwaga uchafu wa umeme, wa chipu, wa kikuza sauti, wa transfoma, akazikutanisha kwenye skrubu moja, maana zikiungana kwa foleni kila moja humwagia mwenzake uchafu. Mngurumo ukapungua nusu. Akafurahi, akaiunga ile skrubu na bomba la maji, kama wafanyavyo wote mtaani, kwa kuwa nyumba zao hazikuwahi kuwekewa waya wa ardhi. Mngurumo ukarudi maradufu.

Jirani yake Odalquis, mwanamke wa pikipiki ya umeme na mdomo usiopumzika, alipita akamkuta ameshika tama.

"Mzee Evelio, umeunga kwenye bomba lipi? Si walifukua barabara mwaka juzi wakatia plastiki?"

"Plastiki?"

"Kutoka hapo mlangoni hadi kona. Huku ndani tu ndiko kumebaki chuma. Friji yangu nimeiunga hapo hapo. Na ya jirani wa juu. Bomba haliendi ardhini ng'o! Sote tunakumwagia wewe." Akacheka hadi akashika ukuta.

"Watu gani hawa! Wanafukua, wanafukia, hawamwambii mtu!"

"Walisema kwenye mkutano wa mtaa. Wewe mkutanoni huji, unakaa ndani kununa."

"Nije nikasikilize uongo nimesimama?"

Evelio akaukata ule waya wa bombani, mngurumo ukabaki ile nusu. Jumanne, saa nne asubuhi, umeme ukazimika mkoa mzima. Watu walitukana madirishani. Evelio alitoka mbio na kandambili mguu mmoja.

"Odalquis! Mwanangu, nipe betri ya pikipiki. Moja tu kati ya zile tano."

"Ukiiua utanisukuma mpaka kazini."

"Nitakusukuma mpaka Havana. Huoni? Hakuna umeme popote. Hakuna friji, hakuna transfoma. Leo kitu cha kunguruma hakipo!"

Odalquis akaleta betri, akamfungia nyaya. Evelio akawasha mashine bila kucheza rekodi, akatega sikio kwenye spika. Kimya. Kimya kilichonyooka, hata akasikia tumbo lake mwenyewe. Miaka mitatu, na mashine ilikuwa safi. Machozi yakamtoka, akayaacha.

Akabonyeza.

Mngurumo ukajaa chumbani, mnene, ule ule.

"Mbona..." Odalquis alianza.

"Nyamaza."

"Umeme hakuna, mzee. Kinanguruma nini?"

Evelio aliinamia spika. Alishajua. Mitambo ya sauti ya kiwandani nayo haikuwa na waya wa ardhi. Nereida mwenyewe alimwandikia meneja, akaandika tena. Miaka kumi na moja jibu likawa moja, kwamba ombi limepelekwa juu. Huko juu likalaliwa. Mngurumo ulipanda jukwaani pamoja na mkewe, ukaingia kwenye kinasa pamoja naye. Huu uliobaki haukuwahi kuwa kwenye mashine yake.

"Kuna vijana wana kompyuta," Odalquis alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Wanasafisha."

"Wasafishe nini? Sikiliza sauti inavyopasuka. Mngurumo ulijaza kinasa pomoni. Yeye hakupata hata pa kuingia. Hayo maneno hayamo humu, Odalquis. Hayamo."

Rekodi ikafika mwisho. "Evelio..." Kisha ule ukuta.

Odalquis akaomba apike kahawa. Evelio akakataa. Akafungua betri, akamrudishia, akamshukuru kwa adabu kama mgeni. Alipoondoka, Evelio alifumba macho ajaribu kumsikia Nereida wa zamani, yule wa jikoni, akimwita kwamba chakula kimeiva. Akamsikia. Alimwita kwa jina, na nyuma ya jina ukaja mngurumo.