Mbolea Iliyohama

Mjane yule alikuwa fundi cherehani hadi macho yalipomchoka, ndipo akaligeukia bwawa la samaki ambalo marehemu mumewe alilichimba nyuma ya nyumba. Watu wakambandika jina la Mama Perege, naye akalipokea bila kinyongo. Perege wakubwa aliwasalimia kila siku kama wapangaji wake.

Asubuhi moja, siku chache baada ya mvua kubwa, aliyakuta maji yamekuwa kijani kizito kama rangi ya mlango. Samaki walikuwa juu juu, wanatweta. Kufika saa nne wengi walikuwa wanaelea matumbo juu. Hakuuliza mtu. Macho yake yalipanda moja kwa moja hadi kwenye matuta ya kabichi ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, kwa kuwa mwezi ule walikuwa wamekwaruzana juu ya mpaka.

Alimkuta anapalilia, akamwambia wazi kwamba amemtilia sumu bwawani. Shemeji aliegemea mpini wa jembe.

"Wanangu wamekulia mgongoni kwako," akasema. "Nikutilie sumu wewe?"

Akaliweka jembe begani, akaondoka, akamwacha amesimama kati ya kabichi zilizodumaa, majani yake ya manjano.

Kesho yake alifika bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, kwa pikipiki, buti zimejaa tope. Akateka maji kwa chupa, akayainua kwenye mwanga, akauliza mvua ilinyesha lini na huko juu kuna nini. Mama Perege akajibu kwamba kuna shemeji, kwa sauti iliyomfanya mgeni azuie tabasamu. Bibi shamba akapanda kwenye matuta, akakaa huko muda mrefu, akarudi na habari nyingine kabisa. Shemeji alikuwa amenyunyiza mifuko miwili ya mbolea juu ya udongo, na jioni ileile mvua ikashuka, ikaikokota yote hadi bwawani. Vijimea vya majini vikaila vikazaana kupita kiasi. Mchana vijimea hivyo hutoa hewa, lakini usiku navyo huivuta, na vikiwa vingi hivyo, kufika alfajiri samaki hawana hewa ya kuvuta.

"Hakuna sumu, mama. Ni chakula kimezidi," alisema. "Mbolea ya shemeji yako haikupotea, imehama tu. Sasa hivi nyingi imelala kwenye tope lako."

Maneno yale yalimkaa kifuani kuliko hasara ya samaki. Jioni alipanda mlima mikono mitupu, maana aliona zawadi ingefanana na hongo.

"Nimekusingizia, shemeji. Nisamehe."

Shemeji alimvutia kigoda. Akakiri kwamba hata yeye alikuwa amemsingizia mtu: wiki nzima alimlaani muuza mbolea moyoni, akidhani amemuuzia majivu. Wakacheka, kwanza kwa aibu, kisha kwa raha. Mpaka hawakuutaja.

Jumamosi walijifunga kibwebwe. Maji yale ya kijani waliyateka kwa ndoo wakanyweshea matuta, na tope jeusi wakalipandisha kwa toroli, safari baada ya safari, hadi mgongo wa shemeji ukamkumbusha umri wake. Samaki waliokufa waliwafukia kwenye shimo la mboji pamoja na majani makavu. Kati ya shamba na bwawa walipanda ukanda mpana wa majani marefu ya kukamata kinachoteremka. Tangu hapo shemeji hakunyunyiza mbolea tena. Aliifukia kidogo kidogo kwenye kila shina, baada ya kulitazama anga vizuri.

Miezi ikapita. Kabichi zikafunga, nzito, za kukumbatia kwa mikono miwili, na bwawani wakaingia vifaranga wapya. Lakini Mama Perege hakutulia. Aliingoja mvua kubwa kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

Ilikuja alasiri moja, ya kishindo. Ilipopungua alitoka na mwavuli, akamkuta shemeji ameshatangulia, amechuchumaa kwenye ukanda wa majani, ameloa chapachapa. Upande wa juu maji yalikuwa na rangi ya udongo. Upande wa chini yalitiririka polepole kuingia bwawani, na shemeji alikuwa ameyakinga kiganjani.

"Njoo uone," akamwambia. "Mistari ya mkono wangu yote inaonekana."

Mama Perege akainama, akaihesabu.