Hatua Iliyokatwa

Koleo alipomnyooshea mkono kuomba mchezo uishe sare, fundi cherehani nusura aangue kilio cha furaha. Sare tu ndiyo aliyoihitaji ili aingie timu ya taifa ya sataranji. Alikifukuzia kiti hicho miaka kumi na miwili, ubao ukiwa umebanwa pembeni mwa cherehani, kati ya oda na oda. Na Koleo si mtu wa kutoa sare. Ni daktari wa meno, bingwa mara tano, na anacheza kama anavyong'oa: taratibu, bila pole.

Wakabadilishana karatasi za hatua ili watie saini. Koleo ana tabia ya wachezaji wa zamani, huandika hatua kwanza ndipo asogeze kete, waamuzi wamkemee wasimkemee. Mstari wa mwisho ulikuwa na hatua ya farasi, imekatwa kwa wino. Fundi akautazama ubao. Farasi yule angewatisha mfalme na malkia wa fundi kwa mpigo mmoja, na mchezo ungeishia hapo.

“Daktari, hii uliiona.”

“Niliiona.”

“Sasa mbona umeikata?”

Koleo akaanza kufuta miwani isiyo na vumbi. “Dada yangu, kamuulize mumeo.”

Mume alikuwa mlangoni, meno yote nje. “Hongera, mke wangu! Si nilikwambia unaweza?”

“Ulimwomba Koleo anipe sare?”

Tabasamu likamponyoka. “Nilitaka upate tu. Umehangaika mno.”

“Ulimwomba lini?”

“Jumatatu.”

Leo ilikuwa Jumamosi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakutuambia kwamba huwa kinakupigia na makofi. Kila asubuhi mwanamume huyu alimwambia “Wewe ni bingwa,” kumbe moyoni alishamzika kabla hata kete moja haijasogezwa. Fundi aliumia kuliko kama angefungwa mara mia.

“Na raundi ya jana? Yule mhasibu aliyezubaa mpaka saa ikamwishia?”

Mume akainama kutazama viatu vyake.

“Dada fundi!” mwamuzi akaita. “Bado saini yako.”

Akarudi mezani. Kalamu aliishika, lakini hakusaini.

“Andika nimeshindwa,” alisema. “Kushindwa huku, angalau, ni kwangu.”